Bimkubwa na ndoo ya maji: kwanini mifupa dhaifu inataka uzito

Mwaka juzi bimkubwa aliteleza uani. Asubuhi, sakafu ya saruji, kandambili zimelowa, akajikinga na mkono kama mtu yeyote anavyofanya na kifundo cha mkono kikavunjika. Ana miaka 67. Kuanguka kwenyewe wala hakukuwa kwa kutisha, hakudondoka kutoka juu ya kitu, alianguka palepale aliposimama, na hapo ndo daktari aliposhtuka maana mfupa wa mtu mzima hautakiwi kuvunjika kwa kuanguka kutoka urefu wako mwenyewe. Tukaandikiwa kipimo cha deksa, ile picha ya kupima uzito wa mfupa, majibu yakarudi mgongo −2.7, nyonga −2.1, na chini ya karatasi mtu kaandika kwa kalamu: asibebe vitu vizito.

Basi tukamnyang'anya kila kitu. Ndoo hashiki, mbuzi ya nazi hakalii, mpaka mjukuu akitaka kupakatwa anaambiwa bibi ana mifupa muache. Chai inamfuata alipo. Sisi tunaona ndo upendo huo. Miezi mitano baadae mkono umeshapona vizuri kabisa lakini bimkubwa hawezi kunyanyuka kwenye mkeka mpaka ashikwe, na kuna siku nilimuona anatoka chooni anashika ukuta njia nzima, nikajua hapa kuna kitu tumekosea.

Nikaanza kuuliza na kusoma. Kumbe lile neno moja, "asibebe", limebeba mambo matatu au manne tofauti ambayo kila moja lina jibu lake, na ukiyachanganya ndo unapata mzee aliyekalishwa kwenye kiti cha plastiki hadi miguu inaisha.

Kwanza tutofautishe magonjwa, maana mtaani yote yanaitwa "ugonjwa wa mifupa". Mtu akisema magoti yamesagika, ute umeisha, au anaumwa baridi yabisi, hiyo ni habari ya maungio, inauma, inavimba, goti linalia ukipanda ngazi. Hii ya bimkubwa ni nyingine kabisa, ni mfupa wenyewe kuwa mwepesi ndani, vile vijumba vya ndani vinakuwa na nyuzi nyembamba na nafasi kubwa kama mkate uliochachuka kupita kiasi, na ubaya wake ni kwamba haiumi. Mtu anaishi nayo miaka kumi anajijua yuko fiti mpaka avunjike, au mpaka watoto waanze kumwambia mama mbona umekuwa mfupi, kwasababu pingili za mgongo nazo zinaweza kubonyea taratibu bila hata kuanguka popote. Mtu akipungua urefu sentimita 4 au zaidi toka ule wa ujanani wake, msiseme uzee, mpelekeni akapigwe picha ya mgongo.

Zile namba za majibu ya deksa sasa. Zinaitwa T-skoa. T-skoa inalinganisha mfupa wako na wa mwanamke kijana, kipindi ambacho mfupa uko kileleni. Sifuri maana yake mko sawa. Kati ya −1 na −2.5 wanasema mifupa imepungua, kuanzia −2.5 kwenda chini ndo wanaita ostioporosisi. Mpaka huo uliwekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 na ni mpaka wa makubaliano tu, haimaanishi mwenye −2.4 yuko salama na mwenye −2.6 kaisha. Tena ukikusanya watu wote wanaovunjika mifupa, wengi wanatoka kwenye lile kundi la kati, kwasababu ndo kundi lenye watu wengi. Na huyo mwanamke kijana wa kulinganishwa nae ni mzungu wa Marekani wa miaka 20 hadi 29, ndo kigezo kinachotumika kwenye mashine nyingi, kwahiyo bibi wa Tanga anapimwa kwa futi ya mtu mwingine. Kipimo kinasaidia, ila kisikutoe roho.

Sasa kwanini mfupa utake uzito?

Watu wengi, na mimi nilikuwemo, tunauchukulia mfupa kama nondo ndani ya nguzo: umewekwa, umekaa, ukizeeka unashika kutu, na nondo yenye kutu huiongezei mzigo. Lakini mfupa uko hai na unafumuliwa na kujengwa upya kila siku, kwa mtu mzima kama asilimia 10 ya mifupa yote inabadilishwa kwa mwaka. Ni saiti isiyofungwa. Kuna seli za kubomoa, ostioklasti, zinakula mfupa wa zamani, na kuna mafundi waashi, ostioblasti, wanakuja nyuma wanajaza. Alafu kuna kundi la tatu ambalo ndo kubwa kuliko yote, zaidi ya asilimia 90 ya seli za mfupa, zinaitwa ostiosaiti, zimefukiwa ndani ya mfupa wenyewe zikiwa zimeunganishwa kwa vijifereji vyembamba vyenye majimaji. Hizi ndo msimamizi wa saiti. Ukibeba kitu, mfupa unapinda kidogo sana, hata huhisi, majimaji kwenye vile vijifereji yanasukumwa, na msimamizi anajua hapa kuna mzigo. Msimamizi huyu ana dawa yake ya kuwazuia waashi, protini inaitwa sklerostini. Mzigo ukija anaipunguza, waashi wanapiga kazi. Mzigo usipokuja anaiachia, waashi wanakaa chini, ila wabomoaji wao hawasimami.

Ndo maana wanaanga wakikaa kule juu ambako mwili hauna uzito wanapoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi, vijana wazima wenye afya waliochaguliwa. Ndo maana mcheza tenisi mkono wake wa raketi una mfupa mnene kuliko mwingine. Daktari mmoja wa upasuaji Mjerumani, Julius Wolff, aliliandika hili mwaka 1892, kwamba mfupa unajipanga kufuata mzigo unaoupata, kwahiyo siyo jambo la wiki iliyopita. Sisi tulichomfanyia bimkubwa kwa miezi mitano, ukitoa ile roketi, ndo kile kile.

Kwa wanawake kuna na pigo lingine. Estrojeni ndo inayowashika mkono wabomoaji wasizidishe. Hedhi ikikoma estrojeni inashuka, na ndani ya miaka 5 hadi 7 ya mwanzo mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake. Wanaume wao wanashuka polepole zaidi lakini wanashuka, na mwanaume akivunjika nyonga hali yake huwa mbaya kuliko ya mwanamke, sema wanaume hatupimwi, tunangoja tuanguke kwanza.

Haya, sasa uzito gani? Hapa ndo penye mkanganyiko mkubwa maana kila mtu anakwambia "mazoezi ni mazuri" afu anaishia hapo. Kutembea ni kuzuri kwa presha, sukari, akili, usingizi, lakini kutembea peke yake hakuongezi mfupa kiasi cha kuonekana, kwasababu mfupa wako umeshazoea hizo hatua toka una mwaka mmoja, msimamizi haoni jipya. Kuogelea na baiskeli ndo kabisa, uzito unabebwa na maji au na kiti. Mfupa unataka kitu kikubwa kuliko ulichozoea, kinachokuja na kuondoka, mara chache. Hiyo "mara chache" ilinishangaza. Kuna jaribio la mwaka 1984 la Rubin na Lanyon, walichukua mfupa wa bawa la ndege wakawa wanaubana na kuuachia kwa mashine kila siku. Mara 4 tu kwa siku zilitosha kuzuia mfupa usipungue. Mara 36 mfupa ukaongezeka. Wakapandisha hadi mara 1,800 na hakukuwa na faida ya ziada hata kidogo. Msimamizi anasikia haraka, ukishamwambia umemwambia, ukiendelea kupiga kelele hakusikilizi tena.

Kwahiyo yule mzee anayepewa vichupa vya nusu lita anapungia mikono mara hamsini, anachangamka damu ndio, ila mfupa haujaambiwa kitu.

Mpaka hapa mtu atasema sawa, nadharia nzuri, lakini nani atamnyanyulisha vyuma bibi mwenye ostioporosisi? Walifanya. Australia, chuo kikuu cha Griffith kule Gold Coast, timu ya profesa Belinda Beck, utafiti unaitwa LIFTMOR, ulitoka 2017. Wanawake 101 waliokoma hedhi, wastani wa miaka 65, wote T-skoa chini ya −1 na wengine ostioporosisi kamili. Wakagawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja mazoezi mepesi nyumbani, uzito usiozidi kilo 3. Kundi lingine jimu, mara mbili kwa wiki, dakika 30 tu, wananyanyua chuma kutoka chini, wanachuchumaa na chuma mabegani, wanasukuma chuma juu ya kichwa, seti 5 za mara 5, kwa zaidi ya asilimia 85 ya uwezo wao wote, yani uzito ambao ukifika mara ya tano au ya sita umeishiwa. Pamoja na zoezi la kujivuta juu ya bomba kisha kudondoka chini kwa miguu, ili mfupa upate mshtuko. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa kujifunza tu, uzito wa mwili na mizigo midogo.

Miezi 8 baadae mfupa wa mgongo kwa kundi la vyuma umepanda asilimia 2.9, kundi la kilo 3 umeshuka asilimia 1.2. Shingo ya mfupa wa paja, pale panapovunjika nyonga, vyuma wamepanda 0.3, wenzao wameshuka 1.9. Na majeruhi? Mmoja, mgongo ulimkaza kidogo akakosa vipindi viwili akarudi. Hakuna aliyevunjika.

Lakini usikimbilie jimu kesho na bibi mkononi. Hao walikuwa na mkufunzi macho kodo kila kipindi, kwenye vikundi vidogo, na watu wenye magonjwa fulani au waliovunjika karibuni hawakuingizwa. Kilichofanya kazi ni uzito pamoja na ufundi pamoja na jicho la mtu anayejua. Ukitoa hilo jicho ukabakiza uzito umeshatengeneza kitu kingine.

Na kuna jambo watu wa vyuma hawapendi kulisema: asilimia 2.9 ni ndogo. Haimtoi mtu kwenye −2.7 ikamuweka −1. Ukitegemea namba ya deksa ndo ikufurahishe utakata tamaa. Faida kubwa, kwa maoni yangu, haiko hata kwenye mfupa, iko kwenye kutokuanguka. Nyonga karibu zote zinazovunjika zinavunjika kwasababu mtu kaanguka, nyonga dhaifu ya mtu asiyeanguka inadumu. Na msuli wa mzee, tofauti na mfupa, unaitikia kwa fujo. Boston mwaka 1990 walichukua wazee 10 wa kituo cha kulelea, umri miaka 86 hadi 96, wakawafanyisha mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki 8. Waliomaliza walikuwa 9, nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, karibu mara tatu ya walipoanzia, na mwendo wao wa kutembea kisigino kikigusa vidole ukaongezeka kasi kwa asilimia 48. Miaka 90 hiyo. Bimkubwa nilipomsomea hiyo akasema "hao wazungu wanakula nyama", haya bwana.

Sasa turudi kwenye ile "asibebe vitu vizito". Aliyeandika hakuwa mjinga, kuna hatari ya kweli alikuwa anaikwepa, ila alikwepa isiyo yenyewe. Hatari kubwa ni mgongo uliopinda. Mwaka 1984 kule Mayo Clinic, Marekani, Sinaki na Mikkelsen waliwafuatilia wanawake 59 wenye ostioporosisi ya mgongo. Waliopewa mazoezi ya kunyoosha mgongo kwenda nyuma, asilimia 16 ndo walipata pingili mpya zilizobonyea. Waliopewa mazoezi ya kukunja mgongo kwenda mbele, yale ya kulala chali unanyanyua kifua, kugusa vidole vya miguu, asilimia 89. Ambao hawakufanya mazoezi kabisa walikuwa asilimia 67. Makundi yalikuwa madogo lakini isome tena: zoezi baya lilikuwa baya kuliko kukaa, na zoezi zuri lilikuwa zuri kuliko kukaa. Wote walikuwa "wanafanya mazoezi".

Ukishajua hilo angalia siku ya mama wa kwetu. Anafagia uwanja na ufagio wa chelewa ule mfupi, mgongo umepinda kama upinde nusu saa nzima. Anafua kwenye beseni lililowekwa chini. Anakuna nazi amekalia mbuzi, mgongo umejikunja na bado anasukuma kwa nguvu. Anaosha vyombo chini. Analima kajembe ka mpini mfupi. Hakuna hata kimoja hapo kinachoitwa "kitu kizito", kwahiyo katazo la daktari halivigusi, na ndo vinavyobonyeza pingili. Sisi tulimnyang'anya ndoo tukamuachia ufagio! Nunueni mpini mrefu, ni hela ndogo sana. Beseni liwekwe juu ya meza au juu ya stuli.

Mtu wa fiziotherapia aliyetusaidia alianza na kitu kimoja tu kwa wiki tatu: kuinama bila kupinda mgongo. Bimkubwa haelewi kabisa, anaambiwa pinda kwenye nyonga yeye anapinda kiunoni. Mpaka yule dada akamwambia, mama, umebeba sinia la pilau mikono yote miwili, unataka kufunga mlango nyuma yako, unafanyaje? Akarudisha makalio nyuma, kifua mbele, mgongo umenyooka kama ubao. Mara ya kwanza. Toka siku hiyo zoezi linaitwa "kufunga mlango". Kuhakikisha, tunamuwekea mpini wa ufagio mgongoni, uguse kisogo, katikati ya mabega na juu ya makalio, akiinama usiachie hata sehemu moja. Ukiachia, rudia.

Alafu ndo ndoo ikarudi. Na hapa nasema wazi, ndoo ya maji ni chuma bora kuliko wengi wanavyodhani, kwasababu lita moja ni kilo moja na unaongeza kwa kikombe. Tulianza na ndoo mbili ndogo zenye mfuniko, lita 2 kila moja, moja kila upande ili mwili usivutwe upande mmoja, na hatukuziweka chini, tuliziweka juu ya tofali mbili mbili ili asishuke sana. Ule waya wa kushikia unakata vidole, tukauzungushia kipande cha kanga. Anafunga mlango, anashika, anasukuma ardhi kwa miguu, anasimama, anatoa pumzi akinyanyuka. Asibane pumzi, hasa mwenye presha. Mara 8, anapumzika dakika mbili anasema maneno yake, tena mara 8, tena. Mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Kanuni ya kuongeza ni rahisi: akimaliza zote uso haujabadilika na bado anaongea vizuri, kipindi kijacho lita moja zaidi. Mgongo ukianza kupinda kwenye zile za mwisho, hapo umefika, punguza. Jinsi uzito ulivyopanda tukawa tunapunguza idadi, sasa hivi anafanya mara 5 na tofali limebaki moja.

Mengine yapo madogo madogo ila nayo tunayafanya. Kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika mikono. Hiki ni zoezi na ni kipimo pia: kunja mikono kifuani, hesabu mara ngapi unasimama ndani ya sekunde 30. Mwanamke wa miaka 65 hadi 69 akiwa chini ya mara 11 anahesabiwa yuko kwenye hatari ya kuanguka, mwanaume wa umri huo ni chini ya 12. Bimkubwa alianza na 6. Kuna kusukuma ukuta, baadae kusukuma ukingo wa meza nzito. Kuna kunyanyua chupa mbili za lita moja na nusu kutoka mabegani kwenda juu, japo bega lake moja bovu kwahiyo hapo hatulazimishi. Kuna kunyanyuka kwa vidole vya miguu afu kujiachia kisigino kigonge chini, ndo kamshtuko ketu hako badala ya kuruka, ameshika ukingo wa sinki. Na kusimama mguu mmoja wakati anapiga mswaki. Hii ya mwisho ndo aliyoichukia kuliko zote.

Kuna wasiotakiwa kuanza hivi bila kuonana na daktari kwanza, na hapa siongei kwa adabu tu: aliyevunjika karibuni, mwenye maumivu makali ya mgongo yaliyoanza ghafla (hiyo inaweza kuwa pingili imebonyea leo), presha isiyotulia, moyo, kizunguzungu. Ambaye pingili zimeshabonyea bado anafanya mazoezi ya nguvu, ila kwa uzito wa chini zaidi na mkazo kwenye misuli ya mgongo, na huyo atafute mtaalamu kweli asimtegemee kijana wa jimu ambaye kajifunzia kwenye simu. Maumivu ya misuli siku ya pili ni kawaida. Maumivu ya kuchoma katikati ya mgongo siyo kawaida, acha.

Vidonge navyo vina nafasi yake, mazoezi hayavifuti. Kwa mtu wa −2.7 aliyeshavunjika, daktari akimwandikia alendronate, kidonge cha kuwapunguza kasi wale wabomoaji wa mfupa, ameze, na ameze vile inavyotakiwa: asubuhi kabla ya kula, maji matupu glasi nzima, afu asilale wala kuinama kwa dakika 30 maana kidonge kinaunguza koo. Prednisolone (vidonge vya steroidi) za muda mrefu zinakula mfupa sana, mwenye kuzitumia aulize. Tenofovir kwenye ARV nayo inapunguza mfupa kidogo, hasa mwaka mmoja au miwili ya mwanzo kisha inatulia, na naomba hapa asitokee mtu akaacha dawa kwa ajili ya hii aya, mwambie daktari wako basi.

Chakula sitakaa sana. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji kama miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, glasi ya maziwa inakupa kama 300. Dagaa mnaowala wazima na mifupa yao ni hazina, sangara hakupi hiyo maana miba unatema. Protini ndo wazee wengi wanakosea, chai na mkate asubuhi, ugali na mchicha mchana, chai tena usiku, msuli utajengwa na nini? Maharage, mayai, samaki, gramu moja au zaidi kidogo kwa kila kilo ya mwili. Vitamini D kwa nchi yenye jua kama yetu mtu anaona haimhusu, na kweli Wamasai na Wahadzabe walipopimwa walikutwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita, juu kabisa. Ila wao wako nje siku nzima. Bibi aliyekalishwa sebuleni na mapazia yamefungwa yuko Tanzania kwa jina tu, ngozi yake iko Ulaya.

Swali ninaloulizwa sana ni mtaona lini kama imesaidia. Mzunguko mmoja wa kubomoa na kujenga unachukua miezi minne hadi sita, na mashine yenyewe ya deksa ina kosa lake dogo la kupima, kwahiyo kurudia kipimo kabla ya mwaka ni kuchoma hela. Bimkubwa kipimo chake kinachofuata ni mwakani. Kwa sasa ndoo ziko lita 13 kila upande, kile kiti cha sekunde 30 amefika mara 12, na kwenye mkeka anasimama mwenyewe, anaweka goti moja, anaweka mkono kwenye paja, anakohoa kidogo kama anaita watu wamuangalie, anasimama. Maji yakikatika mtaani, yeye ndo anatuuliza nani anaenda kisimani, na tumebaki na ugomvi mmoja tu, ule ufagio wa chelewa, ambao kila nikiutupa naukuta umerudi nyuma ya mlango.